Sura ya 6: Nani Aliweka Pigo la Saa?

Tarehe 30 Agosti 1972, kwenye bwawa la Olimpiki mjini Munich, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walimaliza mita 400 za mitindo mchanganyiko bega kwa bega. Muda wao ulisomeka sawasawa: dakika 4 na sekunde 31.98. Waamuzi wakageukia tarakimu ya tatu. Larsson 4:31.981, McKee 4:31.983. Dhahabu ikaenda Sweden kwa tofauti ya sehemu mbili za elfu moja za sekunde.

Hebu tupige hesabu. Muogeleaji anayekata mita 400 kwa muda huo huenda, kwa wastani, mita 1.47 kila sekunde. Katika sehemu mbili za elfu moja za sekunde anasogea milimita 3 hivi. Hakuna mjenzi wa mabwawa anayeweza kuapa kwamba njia ya McKee haikuzidi ya Larsson kwa milimita 3. Saa iliweza kuwatofautisha watu wale wawili, bwawa halikuweza. Baadaye shirikisho la kuogelea likaamua kwamba tarakimu ya tatu isihesabiwe tena. Ndiyo maana mwaka 2016 mjini Rio, baada ya mita 100 za kipepeo, Michael Phelps, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria walivishwa medali ya fedha wote watatu, kila mmoja akiwa na sekunde 51.14.

Shida ya aina hiyo imo ndani ya kila kompyuta, ila humo mara nyingi imegeuka miguu juu, kichwa chini: saa yenyewe ndiyo butu, na tarakimu ndizo zinazomiminika. Anayepima programu yake ili ajue inachukua muda gani huletewa namba yenye desimali sita au tisa, na macho yakishaona desimali tisa, akili huacha kuuliza maswali.

Chukua programu ndogo yenye kazi ya milisekunde 4, tuseme ya kupanga majina ya wapiga kura wa kata moja kwa alfabeti. Mwandishi wake anasoma saa kabla ya kazi, anaisoma tena baada ya kazi, anatoa. Kompyuta ni ya Windows, na saa aliyoiuliza ni ile ya tangu zamani, ambayo kwa kawaida hubadilika mara 64 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 15.625. Kati ya pigo na pigo, saa hiyo imesimama. Iulize mara elfu, itakujibu lilelile. Basi kazi ikianza na kuisha kati ya mapigo mawili, jibu ni sifuri. Pigo likiangukia katikati ya kazi, jibu ni 15.625. Milisekunde 4, ambazo ndizo kweli yenyewe, hazitokei kamwe.

Gawanya 4 kwa 15.625, utapata 0.256. Kwa hiyo katika majaribio 1,000 yaliyoanza nyakati zozote zile bila mpango, kama 256 yatatoa 15.625, na 744 yatatoa sifuri. Wastani wake ni 4 barabara. Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita mbio: kila kipimo peke yake kimekosea, lakini vikikusanywa vinasema kweli. Saa butu haimzuii mtu kupima. Inamzuia kupima mara moja.

Sharti ni kwamba majaribio yaanze bila mpango, na sharti hilo huvunjika kimyakimya. Tuseme kati ya jaribio na jaribio mwandishi ameiambia programu ilale kidogo ili mashine ipumue. Mfumo endeshi huwaamsha waliolala pale saa inapopiga. Kumbe kila jaribio sasa linaanza papo hapo baada ya pigo, linamaliza milisekunde 4 baadaye, na pigo linalofuata bado liko mbali. Majaribio elfu yanatoa sifuri elfu. Mwandishi anaandika kwenye ripoti yake kwamba kazi hiyo haichukui muda wowote, na ana ushahidi wa mara elfu moja.

Kuna namna nyingine ya kudanganyika, na hii huwapata zaidi watu makini. Katika lugha ya C kuna amri ya zamani, clock, inayorudisha muda ambao prosesa imeutumia kwa programu. Kanuni za POSIX, zinazofuatwa na mifumo ya ukoo wa Unix, zinataka namba hiyo ihesabiwe kwa mafungu milioni moja kwa sekunde, yaani kwa mikrosekunde. Lakini kwenye mashine nyingi za miaka ya 1990 saa iliyokuwa nyuma ya amri hiyo ilibadilika kila baada ya milisekunde 10. Matokeo yalikuwa 10000, 20000, 30000. Kila namba na mkia wa sifuri nne. Aliyeangalia matokeo mengi kwa pamoja aliona mkia huo na akashtuka. Aliyeangalia moja tu aliamini kwamba amepima mikrosekunde elfu thelathini, moja baada ya nyingine.

Sasa, nani alichagua 64? Kwa nini si 100, au 1,000? Ninalishikilia swali hili kuliko maswali mengine ya fani hii, kwa sababu ukilifuatilia unakuta karibu kila mara kwamba aliyeweka pigo la saa alikuwa na haja zake, na mtu wa kupima programu hakumpitia akilini hata kidogo.

Mfumo wa Unix ulikulia Bell Labs, Marekani, kwenye mashine za PDP-11 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Saa ya mashine hizo ilifuata umeme wa ukutani. Umeme wa Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde, basi saa nayo ikapiga mara 60, na kitabu cha maelekezo cha Unix cha mwaka 1979 kinaeleza kwamba muda wa programu huhesabiwa kwa sehemu za sitini za sekunde, huko Amerika Kaskazini. Ipeleke mashine hiyo Ulaya, au ilete huku kwetu ambako umeme ni wa hezi 50, na pigo linarefuka kutoka milisekunde 16.7 hadi 20. Yaani ubora wa kipimo chako uliamuliwa na wahandisi wa mitambo ya umeme wa miongo mingi iliyopita.

Kisa cha IBM PC, iliyotoka Agosti 1981, kinafurahisha zaidi. Waliounda mashine ile walitaka iwe ya bei nafuu, na walitaka iweze kuonyesha rangi kwenye televisheni ya nyumbani. Televisheni za rangi za Marekani zilihitaji ishara ya megahezi 3.579545. Badala ya kununua fuwele kadhaa za kwatsi, wakaweka moja ya megahezi 14.31818, ambayo ni mara nne ya ishara ile, wakaigawa kwa kila haja. Kwa 3 walipata 4.77, mwendo wa prosesa yenyewe. Kwa 12 walipata 1.193182, na hiyo wakaipa kaunta ya saa. Kaunta ilikuwa ya biti 16, kwa hiyo hesabu yake ndefu kabisa ilikuwa 65,536, na ndiyo waliyoitumia. Gawanya, utapata mapigo 18.2 kwa sekunde, kila moja la milisekunde 54.9. Kwa miaka mingi mamilioni ya watu walipima programu zao kwa kijiti cha milisekunde 55 kilichochongwa kutoka kwenye mahitaji ya televisheni. Watengenezaji wa michezo ya DOS, mfumo endeshi wa mashine hizo, ambao hawakuweza kuvumilia pigo zito namna hiyo, walijifunza kuiandikia kaunta namba ndogo. 1,193 kwa mfano, ili ipige karibu mara 1,000 kwa sekunde. Ila ilibidi wakumbuke kuupa mfumo mapigo yake 18.2 kama kawaida. Aliyesahau alikuta saa ya kompyuta nzima inakimbia mbio, na tarehe inabadilika kabla ya chakula cha jioni.

Ile 64 ya Windows nayo ni ya ukoo wa vipeo vya mbili: inatoka bila mabaki kwenye 32,768, hesabu ya mitetemo ya fuwele ndogo ambayo hutunza tarehe ndani ya kompyuta na pia huendesha saa nyingi za mkononi. Upande wa Linux, mapigo yalikuwa 100 kwa sekunde kwenye mashine za Intel, yakapandishwa hadi 1,000 katika toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003, kisha Agosti 2005 yakashushwa hadi 250 baada ya mabishano makali. Wenye kompyuta za mapajani walilia na betri. Wenye kazi za sauti na picha walitaka pigo jepesi. Ile 250 ni suluhu ya ugomvi.

Mapigo haya yalikuwa na kazi nyingine, ya kihasibu. Kila pigo lilipogonga, mfumo endeshi ulitazama ni programu gani iko kwenye prosesa dakika hiyo, ukaiandikia pigo zima kwenye hesabu yake. Ni mlinzi wa usiku anayepita uani kila baada ya saa moja na kuandika jina la yeyote anayemkuta. Mwizi anayejua ratiba ya mlinzi hawezi kuandikwa. Mwaka 2007 watafiti Dan Tsafrir, Yoav Etsion na Dror Feitelson walionyesha hadharani kwamba programu ya kawaida, isiyo na mamlaka yoyote ya msimamizi wa mfumo, inaweza kufanya hivyo hivyo: inaanza kazi mara baada ya pigo, inalala kabla kidogo ya pigo linalofuata, inaamshwa na pigo lenyewe, inaanza upya. Ilikula kiasi chochote cha prosesa ilichotaka, na daftari la mfumo likaonyesha kwamba haijagusa kitu.

Mwizi wa namna hiyo anahitaji saa nyembamba kuliko ya mlinzi, na saa hiyo ipo ndani ya prosesa yenyewe. Intel ilipotoa Pentium mwaka 1993 iliweka humo kaunta ya biti 64 inayoongezeka moja kwa kila mzunguko tangu mashine iwashwe. Pentium za kwanza zilikwenda megahezi 60 na 66, kwa hiyo hatua moja ilikuwa kama nanosekunde 15 au 17. Kwenye prosesa ya gigahezi 3, hatua tatu zinaingia katika nanosekunde moja. Grace Hopper, yule mwanahisabati wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa na desturi ya kuwagawia wasikilizaji wake vipande vya waya vya karibu sentimita 30, urefu ambao mwanga huupita kwa nanosekunde moja. Kwa hatua ya kaunta ya leo, waya ungekuwa wa sentimita 10.

Ungedhani mambo yameisha hapo. La, hapo ndipo yalipochanganyika. Kompyuta za mapajani zilianza kupunguza mwendo wa prosesa ili kuokoa betri, na kaunta inayofuata mwendo wa prosesa ikawa rula inayonywea na kurefuka. Zikaja mashine zenye prosesa kadhaa, kila moja na kaunta yake, na kaunta hizo hazikulazimika kukubaliana. Programu iliyohamishwa katikati ya kazi iliweza kumaliza kabla ya kuanza. Tena, tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa hizo hazizitekelezi amri kwa mpangilio ulioandikwa bali kwa mpangilio unaozifaa. Amri ya kusoma kaunta inaweza kurukia mbele ya kazi unayotaka kuipima, nawe usijue. Watu wakabuni vizuizi vya kuilazimisha ingoje, na vizuizi navyo vina muda wake.

Miaka ilipokwenda watengenezaji walirekebisha kaunta iende kwa mwendo mmoja hata prosesa ikipunguza au kuongeza kasi. Wapimaji wengi walishukuru. Lakini kaunta iliyozaliwa ili kuhesabu mizunguko ya prosesa sasa haiihesabu tena. Imekuwa saa tu, nyembamba sana. Anayetaka mizunguko halisi atafute kaunta nyingine. Na hata kuiuliza saa hii kupitia mfumo endeshi, kwa njia ya haraka kabisa iliyopo kwenye Linux, hugharimu makumi ya nanosekunde. Ukitaka kupima kazi ya nanosekunde 5 kwa kuisoma saa kabla na baada yake, utakachopima ni saa inayojipima yenyewe.

Kabla ya kufika kwenye dawa, ni lazima nitenganishe saa mbili ambazo hukaa kwenye kompyuta moja na hufanana kwa sura. Moja ni saa ya ukutani: inajua leo ni tarehe ngapi, na inasahihishwa kila mara kupitia mtandao isije ikaachana na saa za dunia. Kwa kuwa inasahihishwa, inaweza kuruka mbele au kurudi nyuma. Nyingine haijui tarehe. Inajua tu kuhesabu kwenda mbele tangu wakati fulani usio na maana kwa binadamu, na hairudi nyuma kamwe. Muda wa programu hupimwa kwa hii ya pili. Ukitumia ile ya kwanza, wembamba wa pigo hautakusaidia hata ukiwa wa nanosekunde.

Kampuni ya Cloudflare ilijifunza hilo usiku wa mwaka mpya. Mwisho wa mwaka 2016 dunia iliongezewa sekunde moja, ili saa za atomu zisiachane na mzunguko wa dunia. Huku Afrika Mashariki ilikuwa inagonga saa tisa usiku kuamkia Januari 1, 2017. Kampuni hiyo ilikuwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ambayo ilipima seva nyingine zinachukua muda gani kujibu: soma saa, subiri jibu, soma saa, toa. Sekunde ya nyongeza ikaifanya saa ionekane kurudi nyuma, jibu la kutoa likawa chini ya sifuri, na namba hiyo ikapelekwa kwa amri ya kuchagua namba za bahati nasibu, ambayo haikubali namba hasi. Programu ikaanguka. Dawa ilikuwa alama moja: penye sharti la “ikiwa ni sawa na sifuri” pakawekwa “ikiwa ni sifuri au chini yake”. Go yenyewe ikabadilishwa Agosti mwaka huo, katika toleo la 1.9, ili kila usomaji wa saa ubebe ndani yake pia ile saa isiyorudi nyuma. Java ilikuwa na saa ya aina hiyo tangu toleo la 5 mwaka 2004, Python tangu toleo la 3.3 mwaka 2012. Kwamba lugha iliyoundwa mahususi kwa ajili ya seva ilichelewa hivyo ni jambo ambalo bado linanishangaza.

Haya, dawa. Kwanza ipime saa kabla ya kuipima programu. Andika kitanzi kinachoiuliza saa mfululizo hadi jibu libadilike, na uangalie limeruka kiasi gani. Hilo ndilo pigo lako, vyovyote vile itakavyokuwa imeandikwa kwenye kitabu. Kisha hakikisha kazi unayoipima imechukua mapigo mia moja au zaidi, ili kosa la pigo moja lisizidi asilimia moja. Ile kazi yetu ya milisekunde 4, kwa saa ya milisekunde 15.625, irudie mara 400 ndani ya kipimo kimoja: sekunde 1.6, mapigo 102. Kosa la pigo zima ukiligawa kwa 400 linabaki chini ya sehemu nne za mia za milisekunde. Saa ileile iliyokuwa ikisema sifuri sasa inakupa jibu zuri, wala hukubadilisha hata mpangilio mmoja wa mashine. Hii ndiyo sababu mimi huwashangaa wanaokimbilia kuchokonoa mipangilio ya saa kabla ya kurefusha kazi.

Kurudia kuna mtego wake. Kikusanyaji cha C au C++, yaani programu inayogeuza maandishi ya lugha hizo kuwa amri za mashine, kikiona kitanzi kinachorudia hesabu ambayo hakuna anayeitumia, hukifuta. Unabaki ukipima hewa, na hewa ina kasi ya ajabu. Ukiona programu imefanya mara milioni kitu kwa muda usiofikia hata pigo moja, usifurahi. Chapisha matokeo ya hesabu mahali fulani ili kikusanyaji kilazimike kuifanya.

Python ina chombo cha kazi hii, timeit, ambacho kwa kawaida huirudia amri mara 1,000,000 na huzima mkusanya taka wa kumbukumbu wakati wa kupima. Maelezo yake yanashauri kwamba ukipima mara kadhaa uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, kwa hoja kwamba kinachokizidi kwa kawaida si kasi ya programu bali ni fujo za programu nyingine kwenye mashine. Nakubali ikiwa unalinganisha njia mbili za kuandika kitanzi. Sikubali hata kidogo ikiwa unapima huduma ambayo watu wanaisubiri kwenye simu. Mteja haishi kwenye kipimo kidogo kuliko vyote; fujo ni sehemu ya siku yake, na anayemficha fujo hizo anampimia mashine isiyokuwepo.

Halafu kuna fujo ambazo haziondoki hata ukirudia mara milioni. Mwaka 2009 Todd Mytkowicz, Amer Diwan, Matthias Hauswirth na Peter Sweeney walionyesha kwamba muda wa programu unaweza kubadilika kutokana na ukubwa wa maandishi ya mazingira ambayo Unix huyabeba kwa kila programu, yenye vitu kama jina la mtumiaji na njia za mafaili. Maandishi hayo hukaa kwenye kumbukumbu karibu na mahali ambapo programu huweka data zake. Yakirefuka, data husogea, na kusogea huko kunatosha kuzifanya zigongane au zisigongane na mipaka ya kumbukumbu ya haraka ya prosesa. Hata mpangilio wa mafaili wakati wa kuunganisha programu ulibadili matokeo. Maana yake ni kwamba wahandisi wawili wenye majina ya urefu tofauti wanaweza kupima programu moja kwenye mashine zinazofanana, mmoja akaona marekebisho yameleta kasi, mwenzake akaona yameleta uzito, na wote wawili wakawa na vipimo vinavyorudia vizuri. Hapa saa ya nanosekunde haina msaada wowote. Unachoweza kufanya ni kuyabadilisha kwa makusudi hayo unayodhani hayahusiki, upime tena, na uone matokeo yanatawanyika kiasi gani. Yakitawanyika kwa asilimia 3, basi desimali ya nne ya namba yako haina kazi hata ingekuwa imesomwa kwenye saa ya atomu.

Ipo siku, lakini, ambayo kweli unahitaji pigo jembamba: muziki unaotoka vipandevipande, mchezo unaotakiwa kuchora picha kila milisekunde 16.7. Windows ina amri ya kulipunguza pigo hadi milisekunde 1, timeBeginPeriod. Kwa muda mrefu amri hiyo ilikuwa ya wote: programu moja ikiomba, mashine nzima inabadilika. Ndipo yakatokea mambo yanayofanana na uchawi. Programu yako iliyolala kwa “milisekunde 1” ililala karibu 16 asubuhi, na jioni, ukiwa umefungua kivinjari, ikalala 2. Wala haikuwa bure. Prosesa inayoamshwa mara 1,000 kwa sekunde badala ya 64 haipati usingizi mzito, na betri ndiyo inayolipa. Mwaka 2014 kivinjari cha Chrome kilisemwa sana kwa kushikilia pigo hilo jembamba hata kikiwa hakina kazi. Tangu toleo la Windows 10 la Mei 2020, ombi la programu moja halibebeshwi tena programu zote.

Gharama ya pili ya pigo jembamba ni siri. Prosesa ikitafuta data iliyomo kwenye kumbukumbu yake ya haraka huipata kwa nanosekunde chache. Ikilazimika kwenda kwenye kumbukumbu kuu, hutumia kama 100. Mwenye saa inayoweza kutofautisha hizo mbili anaweza kujua data gani imeguswa hivi karibuni na programu ya jirani, na kutoka hapo, hatua kwa hatua, akaisoma data yenyewe. Januari 2018 dunia ilipotangaziwa udhaifu ulioitwa Spectre, jambo mojawapo la kwanza walilofanya watengenezaji wa vivinjari lilikuwa kuitia saa ubutu. Firefox ilipeleka pigo la performance.now, saa inayotumiwa na programu za kurasa za wavuti, kutoka mikrosekunde 5 hadi 20 ndani ya siku chache, kisha hadi milisekunde 2. Chrome ilikwenda hadi mikrosekunde 100 na kuchanganya humo mtikisiko wa kubahatisha, ili kumtatiza mshambuliaji.

Wakazima pia kumbukumbu ya pamoja kati ya nyuzi za programu, jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani na saa. Linahusiana. Uzi mmoja ukikaa unaongeza namba, moja, mbili, tatu, bila kupumzika, na uzi wa pili ukawa unaisoma namba hiyo, umeshatengeneza saa nyembamba kuliko ile uliyonyimwa. Kumbukumbu hiyo ilirudishwa baadaye kwa masharti. Kwa kanuni za sasa, ukurasa unaokubali kutengwa na kurasa za wengine hupewa pigo la mikrosekunde 5. Usiotengwa hupewa 100. Anayepima programu yake ndani ya kivinjari na kushangaa kwamba kila jibu ni mafungu kamili ya 0.1 ya milisekunde aangalie hapo kwanza, kabla hajalaumu programu. Wapo na watumiaji ambao wameenda mbali zaidi kwa hiari yao: matoleo ya Tor Browser ya miaka ya 2010 yalikata saa kwa hatua za milisekunde 100, karibu maradufu ya pigo la ile IBM PC ya mwaka 1981, nao waliyatumia wakijua hivyo.